"Si utani tu!": somo kutoka njia ya misafara ya Tabora

Wadau, kuna sentensi moja ambayo sisi Wabongo tunaitumia kila siku bila kuifikiria: "Ah, si utani tu!" Mtu anamwambia mwenzake jambo linalochoma, mwenzake ananuna, na kabla hajafungua mdomo anabandikwa sentensi hiyo kama plasta. Akiendelea kununa, anaambiwa hajui utani. Akijibu kwa ukali, anaambiwa ana hasira za karibu. Kesi imekwisha, na aliyechomwa ndiye aliyepatikana na hatia.

Nimekuwa nikijiuliza sentensi hii ilitoka wapi. Kwa sababu utani wenyewe, ule wa wazee wetu, haukuwa kitu cha "tu". Ulikuwa na masharti mazito kuliko mikataba mingi tunayosaini leo bila kusoma. Na ukitaka kuyaona masharti hayo vizuri, mahali pazuri pa kuanzia ni Tabora, kwenye njia ya zamani ya misafara.

Hebu turudi nyuma kidogo.

Katika karne ya 19 njia kuu ya kati ilianzia pwani, hasa Bagamoyo, ikapita Mamboya, Mpwapwa, nchi ya Wagogo na Kilimatinde, ikafika Unyanyembe, yaani eneo la Tabora ya leo, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Serikali yetu iliiweka njia hii kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Richard Burton na John Speke walitoka pwani katikati ya mwaka 1857 wakafika Kazeh, karibu na Tabora, tarehe 7 Novemba. Miezi zaidi ya minne! Henry Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871 akafika Kwihara Juni mwaka huohuo. Huyo alikuwa na haraka, na bado ilimchukua miezi mitatu.

Shuleni tunafundishwa majina ya hao Wazungu. Waliobeba mizigo yao hawatajwi sana. Wengi walikuwa Wanyamwezi, na kubeba mizigo ilikuwa kazi ya ujira: mtu anapatana, anabeba frasila mbili hivi (zaidi ya kilo 30), anatembea hadi pwani, anarudi na nguo, shanga na heshima ya mtu aliyeona bahari. Kila mwaka watu makumi ya maelfu walipita njia hiyo. Hata leo kijana wa Dar akisema fulani yuko "unyamwezini" ana maana yuko Marekani au ng'ambo. Nchi ya mbali inaitwa kwa jina la watu waliozoea safari za mbali. Nadhani wazee wa Unyanyembe wangecheka sana kusikia hivyo.

Sasa fikiria msafara wa watu mia tano. Ndani yake kuna Wanyamwezi wa koo mbalimbali, Wasukuma, waungwana wa pwani wenye kuswali, askari wa Kibaluchi, Wamanyema, wanawake na watoto waliofuatana na waume au wazazi wao. Huyu ana mwiko wa nyama fulani. Yule hali mnyama asiyechinjwa Kiislamu. Huyu kwao jina la mkwe halitamkwi, yule kwao wanataniana na bibi zao matusi ya nguoni. Wote wamechoka, wana njaa, na maji yako mwendo wa siku mbili. Hapo neno moja linatosha kumwaga damu.

Basi watu hawa waliwezaje kutembea pamoja miezi mitatu bila kuuana? Sehemu ya jibu ni utani.

Tuanze na utani wa nyumbani. Katika jamii nyingi za kwetu mtu anakua akijua ramani ya watu wa kutaniwa na watu wa kuheshimiwa. Babu na mjukuu wanataniana: babu anamwita mjukuu wa kike "mke wangu", na hakuna anayeshtuka. Mabinamu wanataniana, shemeji pia. Lakini kwa mkwe hakuna mchezo. Kwingine mtu hata njia anabadilisha akimwona mama mkwe anakuja. Neno lilelile lililomfanya binamu acheke hadi machozi, ukimwambia mkwe umevunja ndoa. Kwa hiyo mtoto hakufundishwa orodha ya maneno mabaya peke yake. Alifundishwa pia nani ni nani kwake.

Kisha kuna utani wa makabila. Wanyamwezi wana orodha ndefu ya watani, na ukiitazama utaona inafuata njia ya msafara: Wagogo waliokaa katikati ya njia na kushika maji, Wazaramo kule karibu na pwani, na wengine. R. E. Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara na ambaye anajulikana zaidi kwa utafiti wa ndege, aliandika makala kuhusu utani wa Tanganyika mwaka 1944. Maelezo ya wazee juu ya asili ya utani huwa ni ya aina mbili: ama "tulipigana zamani, tukapatana, ndipo tukawa watani", ama "tulikuwa tukipitiana na kukaribishana safarini". Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake juu ya wapagazi kilichotoka mwaka 2006, ameonyesha jinsi utani ulivyowasaidia wapagazi kupata chakula, malazi na msaada ugenini.

Na Wagogo na Wanyamwezi walikuwa na sababu ya kupigana kweli. Misafara ilipopita Ugogo ilitakiwa kulipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi mbalimbali. Msafara unaona unanyonywa. Mgogo anaona watu mia tano wanamaliza maji na nafaka za watoto wake. Wote wana hoja. Katikati ya uhasama huo utani ulifungua mlango wa pembeni. Mnyamwezi mwenye njaa aliweza kuingia kwa mtani wake, akala bila kuombwa radhi, huku akimtukana mwenye nyumba kwa ubahili wake. Mwenye nyumba naye akamtukana kwa ulafi wake na mabega yake yaliyopinda kwa mizigo ya watu. Wakimaliza, wamekula.

Lakini angalia masharti, maana hapa ndipo penye somo.

Sharti la kwanza: watani wanajulikana. Huwezi kumwamkia mtu usiyemjua kwa tusi kisha ukasema ni utani. Kabla ya neno lolote unajitaja wewe ni nani na wa wapi. Asiye mtani wako akikutukana, hilo ni tusi kamili, na lina faini yake.

Sharti la pili: zamu. Kila ulilonitania na mimi ninayo haki ya kukujibu, kwa uzito uleule, mbele ya watu walewale. Ndiyo maana mtani hakutakiwa kukasirika. Hakutakiwa kukasirika kwa sababu alikuwa na zamu yake. Sisi leo tumeshika nusu ya kwanza ya kanuni hiyo na kuitupa nusu ya pili.

Sharti la tatu ndilo zito kuliko yote: deni. Mtani anakuzika. Mahali pengi mpaka leo watani ndio wanaochangamka msibani: wanachimba kaburi, wanabeba, wanaigiza marehemu alivyokuwa akitembea na kukohoa, wanazuia jeneza hadi wapewe chochote, na waliokuwa wakilia wanajikuta wanacheka. Sasa weka jambo hilo kwenye njia ya msafara. Mpagazi anaumwa Ugogo. Nyumbani kwake ni mwendo wa wiki nzima au zaidi. Msafara hauwezi kusubiri. Wasafiri wa wakati ule waliandika habari za mifupa waliyoiona kando ya njia, ya watu walioanguka na kuachwa. Katika mazingira hayo, kuwa na mtu wa kabila jingine mwenye wajibu wa kukufunika udongo halikuwa jambo dogo. Mtu huyo alikuwa na haki ya kukuita jina lolote alilotaka.

Hapa naona ndipo ruhusa ya kutania ilipopatikana. Ililipiwa.

Mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown aliandika mwaka 1940 kwamba mahusiano ya namna hii yanachanganya urafiki na uhasama kwa pamoja: watu walio karibu vya kutosha kuhitajiana, na mbali vya kutosha kugombana. Sina ugomvi na maelezo hayo. Ninachoongeza ni kwamba kwenye njia ya Tabora uhasama ulikuwa wa maneno na urafiki ulikuwa wa vitendo. Sisi tumegeuza: urafiki wetu ni wa maneno ("ndugu zangu Watanzania wenzangu..."), na uhasama ndio wa vitendo.

Sasa msidhani naipamba njia ile. Ilikuwa pia njia ya watumwa. Aliyefungwa mnyororo shingoni hakuwa na zamu ya kujibu chochote, na hakuna aliyemdai kumzika. Kila utakachosikia kizuri kuhusu misafara, muweke na yeye kwenye picha.

Na kulikuwa na maneno mengine njiani ambayo hayakuwa utani hata kidogo. Chukua neno "mshenzi". Wapagazi wa bara walipoingia Bagamoyo kwa maelfu wakati wa msimu, wenyeji wa mji waliojiita waungwana waliwaita washenzi: watu wasio na dini, wasio na mji, wasiojua kuvaa. Mnyamwezi aliyetembea miezi mitatu na pembe ya ndovu begani, ambaye bila yeye mji wa Bagamoyo usingekuwa na biashara, aliitwa mshenzi na mtu aliyekaa barazani.

Kuna tofauti gani kati ya "mshenzi" wa Bagamoyo na "mlafi" wa Ugogo? Kwa sauti huenda hakuna. Huenda la Ugogo lilitamkwa kwa ukali zaidi. Tofauti ni kwamba neno la Bagamoyo lilikwenda upande mmoja. Mpagazi hakuwa na neno la kumrudishia muungwana likamchoma kiasi hicho, na muungwana hakudaiwa kumzika. Wakoloni walipokuja walilikuta neno hilo tayari, wakalitumia kwetu sote, waungwana wakiwemo. Neno la kudharau halina shukrani kwa aliyelitunga.

Tukija kwenye suala la nani alikuwa mwamuzi, msafara pia una la kutufundisha. Mbele kabisa alitembea kirangozi, yaani kiongozi wa njia, na kwa kawaida alikuwa Mnyamwezi aliyekubalika na wapagazi wenzake. Burton anaeleza kwamba aliyethubutu kutembea mbele ya kirangozi alitozwa: alichomolewa mshale kwenye podo lake, na mwisho wa safari ya siku akaukomboa. Nimelipenda jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, adhabu ilijulikana kabla ya kosa. Pili, mshale ulichomolewa palepale lakini kesi ilisikilizwa jioni, watu wakiwa wamekaa na joto limeshuka. Hakuna aliyepigwa njiani kwa hasira za njiani.

Na jioni kulikuwa na shauri. Wazungu walilalamika sana kwenye vitabu vyao kuhusu "shauri" hizi zisizoisha. Kila jambo linajadiliwa: posho, mwendo wa kesho, mgonjwa, nani kamwambia nani nini. Waliona ni uvivu. Lakini wapagazi walikuwa na silaha ambayo kila mwamuzi aliihofia: kuweka mizigo chini na kuondoka. Kiongozi anayependelea watu wa kwao anaamka asubuhi akiwa na mizigo mia na wabebaji hamsini. Kwa hiyo ilimlazimu awe wa haki, au angalau ajitahidi aonekane hivyo.

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mpagazi akakosa kazi, lakini utani ulipanda treni. Ulikwenda Dar, ukaingia kwenye vyama vya kuzikana, kwenye ngoma, bandarini. Umeingia hata kwenye soka: Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936 mpaka leo magazeti yanaziita "watani wa jadi". Na kweli wana dalili zote. Wanajuana, wanapeana zamu (ukifungwa leo, subiri mzunguko wa pili), na mpenzi wa Simba akifiwa, wa Yanga mtaani wapo turubaini wanapanga viti. Tatizo linaanza mahali ambapo jina la utani limebaki na masharti yameondoka.

Mfano wa kwanza: kazini. Bosi anamtania mhudumu wa ofisi kila asubuhi kuhusu kabila lake, "nyie Wagogo mmezoea kuomba", na ofisi nzima inacheka. Je, mhudumu anayo zamu? Ajaribu kumrudishia bosi mbele ya wageni halafu tuone mwisho wa mwezi. Hapo hakuna utani. Hapo kuna Bagamoyo na mtu wa barazani. Na mwenye kusema "mbona Wanyamwezi na Wagogo wanaambiana hayohayo?" ajibiwe kwamba babu wa Mnyamwezi yule alikula kwenye chungu cha Mgogo. Wewe umekula wapi?

Mfano wa pili: wanawake. Kisingizio cha "shemeji" na "mke wangu" kimewabeba wengi. Mwanamume asiye na undugu wowote na dada wa watu anamwita shemeji ili ajipatie leseni ya kusema na kushika. Shemeji halisi alikuwa na wajibu: kaka akifa, yeye ndiye wa kuangalia watoto. Wewe uko tayari kulipa ada za shule? Sheria yetu ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, ile tunayoiita SOSPA, ilishasema kwamba hata maneno yanaweza kuwa udhalilishaji. Wazee wa zamani wasingeshangaa kusikia hivyo. Wangeuliza tu: huyu ni mtani wake kwa lipi?

Wenzetu wa Kenya walilipa gharama kubwa kujifunza hili. Katika machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 walikufa watu zaidi ya 1,100. Moja ya maneno yaliyotumika Bonde la Ufa ni "madoadoa". Mgeni akilisikia atafikiri ni habari ya nguo au chui. Lakini mwenyeji alijua linawataja watu wa kabila jingine wanaotakiwa kuondolewa kama uchafu. Mwaka 2008 Kenya ilitunga sheria ya uwiano na utangamano, ikaunda tume yake, NCIC, na mwaka 2022 kabla ya uchaguzi tume hiyo ikatoa orodha ya maneno ya chuki, "madoadoa" likiwemo.

Je, orodha ya maneno inatosha? Kuna wanaosema ndiyo: mjini watu hawajuani, hakuna muda wa kuuliza koo, kwa hiyo taja maneno yaliyokatazwa na kila mtu apimwe kwa kipimo kimoja. Hoja hiyo ina nguvu. Jiji la mamilioni haliwezi kuendeshwa kama kambi ya msafara. Lakini orodha ina matobo pande zote mbili. Mwenye nia mbaya atabuni neno jipya kesho asubuhi. Na wazee wawili wa Tabora na Dodoma wanaotukanana kwa raha zao kituo cha treni watajikuta polisi kwa neno ambalo kwao ni salamu.

Msimamo wangu ni huu. Haki katika mazungumzo haimaanishi kwamba kila neno lipewe bei moja. Inamaanisha kwamba kila mtu aulizwe maswali yaleyale: Mnajuana? Mwenzako anayo nafasi ya kukujibu kwa uzito uleule bila kupoteza chochote? Una deni gani kwake? Anayeamua ugomvi, awe mzee wa ukoo, mwenyekiti wa mtaa, mwalimu wa zamu au kiongozi wa kijiwe, ayaulize maswali hayo hata rafiki yake akiwa ndiye mshtakiwa. Hasa rafiki yake akiwa ndiye mshtakiwa.

Na pale watu wasipojuana, ambapo ndipo wengi wetu tunapoishi siku hizi, kanuni ya njia ya msafara iko wazi: mtu ni mgeni mpaka utani uthibitike. Mgeni hupewa maji kwanza. Kutaniana ni baadaye, akishasema yeye ni nani, na yeye mwenyewe akianza kucheka.

Kwa hiyo siku nyingine ukichomwa, na kabla hujapumua ukaambiwa "si utani tu", usigombane. Muulize taratibu: "Sawa, mtani. Na nikifa utakuja kunichimbia kaburi?" Akisema ndiyo, mrudishie zamu yake. Akibabaika, basi wote mliopo hapo mmeshajua ni nini kilichosemwa.

Haya wadau, wa Tabora, wa Dodoma na wa Uzaramoni mliopo, nasubiri mnirekebishe. Kwenu watani wenu ni nani, na mnadaiana nini?